Mwaka wa Coccinelle unasomwa kwenye chuma, si kwenye karte rose

Coccinelle moja inaweza kuwa na miaka minne ya kuzaliwa. Kuna mwaka ilipotoka kiwandani. Kuna mwaka wa modeli yake, ambao si lazima ulingane na ule wa kwanza. Kuna mwaka ulioandikwa kwenye karte rose, na mara nyingi huo ni mwaka ambao mtu fulani aliiandikisha kwa jina lake, baada ya wengine wawili ao watatu kuitumia mbele yake. Halafu kuna mwaka anaoutaja muuzaji, na huo hubadilika kulingana na sura ya mnunuzi.

Akija mtu wa hapa anayetafuta gari ya kutembelea, ataambiwa: "Papa, hii ni ya 1974, ingali na nguvu." Akija mtu anayewanunulia wakusanyaji wa magari ya zamani huko Ulaya, gari ileile inarudi nyuma na kuwa ya 1963. Kwa wa kwanza, gari changa ndiyo yenye bei. Kwa wa pili, gari mzee ndiyo yenye bei. Uongo unaenda pande zote mbili, na kila upande kuna mtu anayepoteza feza. Anayepoteza zaidi ni yule ambaye hajui kabisa anauzisha nini: mjane ao watoto wa marehemu ambao wamekuta Coccinelle ya baba imesimama uani kwa miaka mingi, kuku wanalala ndani yake, na jirani amekuja na bei ya mitraye, kwa kilo.

Jambo hilo linaendelea kwa sababu rahisi sana: karibu hakuna anayeinua kiti cha nyuma.

Chini ya kiti hicho, juu ya tuneli ya chuma inayopita katikati ya gari kutoka mbele mpaka nyuma, Volkswagen iligonga namba ya shasi. Kuna pia kibao kidogo mbele, chini ya kapo, nyuma ya gurudumu la akiba. Kibao kile kimeshikwa na misumari midogo na fundi yeyote anaweza kukitoa na kukipachika kwenye gari nyingine. Namba ya kwenye tuneli imegongwa ndani ya chuma chenyewe. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huanza na tuneli, kisha huenda kwenye kibao, kisha huangalia kama karte rose inasema kitu kilekile. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na karte rose na kuishia hapo hapo.

Kuisoma namba hiyo si elimu ya siri. Mpaka katikati ya mwaka 1964 kiwanda kilikuwa kinahesabu tu, gari moja baada ya nyingine. Namba ya 5 000 000, kwa mfano, inaangukia katika modeli ya 1963, ambayo namba zake zilianza 4 846 836 na kuisha kabla ya 5 677 119. Kuanzia Agosti 1964 mambo yakawa mepesi zaidi: namba ikawa na tarakimu tisa, mbili za kwanza zikitaja aina ya gari, yaani 11, na ya tatu ikitaja mwaka wa modeli. 115 000 001 ndiyo Coccinelle ya kwanza ya modeli ya 1965. 118 000 001 ilifungua modeli ya 1968. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuisoma.

Mtego uko kwenye miaka ya 1970. Tarakimu ile ya tatu ilipofika tisa, ilirudi sifuri, na kiwanda kikaongeza tarakimu ya 2 nyuma yake ili kutenganisha miongo. Modeli ya 1970 ilianza na 110 2 000 001, tarakimu kumi. Ndiyo maana namba inayoanza na 115 inaweza kuwa ya 1965 ao ya 1975: yenye tarakimu tisa ni ya 1965, yenye tarakimu kumi na ile 2 ndani yake ni ya 1975. Mtu akikuonyesha picha ya namba kwenye simu, imekatwa pembeni ili tarakimu ya mwisho isionekane, anajua vizuri anachokifanya. Miaka kumi ya tofauti imefichwa nyuma ya kidole gumba.

Na kuna mwezi wa Agosti, ambao unawachanganya hata mafundi wa siku nyingi. Wafanyakazi wa Wolfsburg, huko Ujerumani, walikuwa wanaenda likizo katikati ya mwaka, na waliporudi mwezi wa Agosti walianza kutengeneza modeli ya mwaka unaofuata. Coccinelle iliyotoka kiwandani Septemba 1967 ni modeli ya 1968. Muuzaji anayesema "ilitengenezwa 1967" hajadanganya, lakini mnunuzi anayeenda kutafuta vyombo vya 1967 atarudi navyo mikononi, kwa sababu havitaingia. Ugomvi mwingi kati ya wauzaji wa vyombo na wenye magari umeanzia hapo, na kila mmoja anaapa kwamba ana haki. Wote wawili wanayo.

Magari haya yalifikaje huku? Congo ilikuwa koloni ya Ubelgiji mpaka tarehe 30 Juni 1960, na Ubelgiji ilikuwa na Volkswagen zake: kampuni ya D'Ieteren ilianza kuziingiza mwaka 1948, kisha ikaziunganisha katika kiwanda cha Forest, mjini Bruxelles. Usukani wake uko kushoto, kama inavyotakiwa kwenye barabara zetu. Lakini mashariki yetu inapakana pia na Uganda na Tanzania, na kule chini Katanga inapakana na Zambia, nchi ambazo watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Huko Afrika ya Mashariki Coccinelle ilikuwa na jina kubwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na tena 1962, kwenye matope ambayo magari ya bei kali yalikwama. Gari iliyovuka mpaka na kuhamishiwa usukani upande wa pili lazima ibaki na alama: chuma kilichokatwa mbele ya pedali, mahali palipochomewa, tundu lililozibwa. Si dhambi kuhamisha usukani. Dhambi ni kuuzisha gari ya namna hiyo kama iliyotoka Bruxelles hivyo hivyo.

Mwili wa gari nao unasema, na unasema kwa sauti. Kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili kiliisha Machi 1953. Kioo kimoja chenye umbo la yai kiliendelea mpaka Julai 1957. Kuanzia Agosti mwaka huo kikawa kipana, na vioo vyote vikaongezwa tena ukubwa Agosti 1964. Vile vijiti vya kuonyesha unakata kona, vilivyokuwa vinachomoka kwenye nguzo ya mlango kama mkono wa mtoto anayeomba ruhusa darasani, vilibadilishwa na taa juu ya bawa la mbele kwa modeli ya 1961. Kipimo cha mafuta ndani ya gari kilikuja na modeli ya 1962. Mbele ya hapo dereva alisubiri gari ianze kukohoa, kisha akageuza mti mdogo wa akiba kwa mguu. Na Agosti 1967 sura yote ilibadilika: taa za mbele zikasimama wima, parashoki zikawa nene na nyoofu, mlango wa kutilia mafuta ukatoka chini ya kapo na kuhamia pembeni, umeme ukawa wa volti 12 badala ya 6.

Basi mtu atasema: kwa nini kujisumbua na namba, si inatosha kuangalia vioo na taa? Haitoshi, kwa sababu ya jinsi Coccinelle ilivyojengwa. Mwili wake umefungwa juu ya sakafu kwa buloni. Ukizifungua, watu wanne wenye nguvu wanaubeba mwili mzima na kuuweka juu ya sakafu ya gari nyingine. Ndivyo mafundi wetu walivyoweza kuyaweka magari haya hai kwa miaka hamsini, na wanastahili sifa. Lakini matokeo yake ni kwamba kuna Coccinelle zenye mama wawili: kichwa cha 1970 juu ya sakafu ya 1962. Sheria inafuata sakafu, kwa kuwa namba iko pale. Mnunuzi anafuata kichwa, kwa kuwa ndicho anachokiona.

Injini ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Imeshikwa na buloni nne tu, na fundi anayeijua anaishusha kabla chai haijapoa. Herufi zinazotangulia namba yake zinasaidia kujua aina ya injini: D ni ile ya 1200 yenye nguvu 34, F ni ya 1300, H ni ya 1500, AD ni ya 1600. Zaidi ya hapo injini haisemi chochote kuhusu mwaka wa gari iliyomo. Wauzaji wanapenda sana kuonyesha injini. Inafaa kuwaacha waonyeshe, kisha kurudi kwenye kiti cha nyuma.

Baki magurudumu, na hapa ndipo uharibifu mkubwa unafanyika bila mtu yeyote kulia. Mara nyingi kitu cha kwanza kuondoka kwenye gari ya zamani ni janti zake. Mwenye gari anaona janti za chuma zenye kutu, anaona nyingine za aluminiumu zinazong'aa, anabadilisha, na zile za zamani zinaenda kwenye mizani ya mitraye. Amekwisha kutupa nusu ya karatasi za gari yake.

Janti ya asili ya Coccinelle inasomwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kipimo. Mpaka mwaka 1952 magurudumu yalikuwa ya inchi 16, membamba kama ya pikipiki kubwa. Kuanzia Oktoba mwaka huo yakawa ya inchi 15, na kwenye chuma utakuta imegongwa 4Jx15: upana wa inchi nne, J ni umbo la ukingo unaoshika mpira, 15 ni kipenyo. Coccinelle inayotajwa kuwa ya 1950 lakini inasimama juu ya inchi 15 inawezekana ilibadilishwa magurudumu, ao inawezekana si ya 1950. Lazima mwenyewe aulizwe.

Ya pili ni matundu ya buloni. Kwa miaka mingi janti ilishikwa na buloni tano kwenye mzunguko wa milimita 205, mpana sana, na katikati ya janti pako wazi kabisa, tamburi ya breki inajaza lile tundu kubwa. Gari ya 1500 yenye breki za diski mbele ilikuja Agosti 1966 na buloni nne kwenye mzunguko wa milimita 130. Mwaka mmoja baadaye Coccinelle nyingine za Ujerumani zilifuata. Kupima buloni nne ni kazi ya mtoto: kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalotazamana nalo. Kwa buloni tano hakuna tundu linalotazamana na jingine, na hapo watu hukisia. Hakuna haja ya kukisia: kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya jirani yake lazima ziwe milimita 120 na nusu hivi. Ikiwa ndivyo, huo ni mzunguko wa 205.

Tahadhari moja hapa. Kiwanda cha Brazil kiliendelea kufunga buloni tano kwa miaka kadhaa baada ya Ujerumani kuziacha. Volkswagen ilitengeneza Coccinelle katika nchi nyingi, Afrika ya Kusini na Nigeria zikiwemo, na Mexico ndiyo iliyofunga mlango tarehe 30 Julai 2003, baada ya jumla ya magari 21 529 464 duniani. Kila kiwanda kilikuwa na tabia zake. Mtu akishika jedwali la Ujerumani na kulitumia kwa gari ya Brazil, atamwita muuzaji mwongo bure.

Njia ya tatu ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa. Waliotengeneza janti hizo waliziwekea alama: jina ao herufi za kampuni, kama Kronprinz ya Solingen iliyoandika KPZ, ao Lemmerz, na pembeni mwezi na mwaka. Alama iko chini ya rangi, na rangi iko chini ya matope. Brashi ya waya, petroli kidogo, taa ya simu inayomulika kutoka pembeni, na tarehe inatokea. Kisha ni hesabu ya kawaida. Janti huzaliwa kidogo mbele ya gari, majuma ao miezi michache. Janti ya Machi 1967 kwenye gari iliyotoka Mei 1967: hiyo ni ndoa ya kwanza. Janti ya 1971 kwenye gari hiyohiyo: imeletwa baadaye. Janti ya 1960 kwenye gari ya 1967: imetolewa kwa marehemu mwingine. Ikiwa janti nne kati ya tano zina tarehe zinazokaribiana, na tarehe hizo zinakaribiana na namba ya tuneli, basi gari imesema ukweli mara mbili kwa midomo miwili tofauti, na hakuna mtu wa karatasi anayeweza kubisha.

Mara nyingi janti iliyosalimika ni ile ya akiba. Ilikaa mbele chini ya kapo, giza, haikugonga mashimo, na katika modeli za miaka ya 1960 ilikuwa na kazi nyingine ya ajabu: pumzi ya mpira wake ndiyo iliyosukuma maji ya kuoshea kioo cha mbele. Madereva walioosha kioo sana walikuta mpira wa akiba umelala siku walipouhitaji. Hata hivyo, kwa anayetafuta mwaka wa gari, janti hiyo ni kama mzee wa mtaa ambaye hakuhama kamwe. Ni huyo wa kuulizwa kwanza.

Vifuniko vya janti navyo vinasaidia, ingawa vinatoka na kuingia kama kofia. Vile vya mviringo vilivyojaa kama sufuria iliyopinduliwa ni vya zamani zaidi. Vile vya bapa vilikuja na 1300 ya Agosti 1965, pamoja na janti zenye matundu membamba ya kupitishia hewa ya kupooza breki. Mtu asinunue gari kwa sababu ya vifuniko. Vinauzwa hata barabarani.

Wanaopenda janti zinazong'aa watasema hii yote ni mapenzi ya kutu. Lakini kuna jambo la pili, zito kuliko bei. Buloni za janti za asili za Coccinelle zina kichwa chenye kikalio cha mviringo, kama kipande cha mpira wa kuchezea, na tundu la janti limechongwa kuupokea umbo huo. Buloni za janti nyingi za kununua zina kikalio kilichochongoka kama koni. Ukitia buloni ya koni kwenye tundu la mviringo, inakaza vizuri, unahisi imeshika, kumbe imegusa chuma kwenye mstari mwembamba tu. Inalegea taratibu. Hakuna fundi atakayeliona hilo gari ikiwa imesimama garajini; litaonekana kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, pale ambapo hakuna anayetaka kuona gurudumu lake likimtangulia.

Kisha kuna zile pete za chuma zinazowekwa kati ya tamburi na janti, ili gari ya buloni tano ivae janti ya buloni nne ao ya gari nyingine kabisa. Zinasukuma gurudumu nje. Uzito ambao ulikuwa unakaa juu ya rulema sasa unaning'inia pembeni yake, na rulema ya Coccinelle haikupangwa kwa ajili hiyo. Kwenye lami ya Kigali pengine itavumilia miaka. Kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Goma na Bukavu, na mashimo yake, ni suala la muda. Fundi anayefunga pete hizo bila kumwambia mwenye gari kitu chochote amemuuzishia hatari kwa bei ya urembo.

Kuna watakaouliza kama huu ndio wakati wa kuzungumzia janti za Coccinelle. Mashariki ina vita. Watu wameacha nyumba, wengine wako kambini, wengine wanalala kwa ndugu. Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko ndani yake. Ni wakati wa vita ndipo watu wanauzisha walichonacho, haraka, bila kuuliza, kwa yule wa kwanza aliyekuja na feza mkononi. Na ni wakati wa vita ndipo karatasi zinaungua, zinaloa, zinabaki kwenye kabati la nyumba ambayo hakuna anayeweza kurudi kuifungua. Gari iliyobaki bila karte rose imebaki na utambulisho mmoja: namba ya kwenye tuneli. Namba hiyo peke yake haimpi mtu umiliki, hilo lieleweke. Lakini familia ambayo iliinakili namba hiyo na kuipiga picha, pamoja na tarehe za janti, ina kitu cha kusema mbele ya ofisi ya plaki ao mbele ya mwamuzi. Familia isiyoijua ina neno lake tu, na mwizi naye ana lake.

Kazi hiyo yote inachukua robo saa. Kiti cha nyuma kinatoka bila kifaa chochote. Hakuna malipo, hakuna ruhusa ya mtu.

Zaidi ya hapo, mwenye namba kamili ya shasi anaweza kuiandikia Stiftung AutoMuseum Volkswagen, taasisi ya makumbusho ya magari huko Wolfsburg, na kwa malipo itamtafutia cheti cha kuzaliwa cha gari yake kutoka vitabu vya kiwanda: siku ilipomalizwa, rangi ya kwanza, nchi ilikopelekwa. Kwa gari ya kutembelea sokoni haina maana. Kwa familia inayotaka kuuzisha kwa mkusanyaji wa Ulaya, karatasi hiyo inamnyima mnunuzi silaha yake kubwa, ambayo ni kusema "hamjui mnachokiuzisha".

Serikali nayo ina sehemu yake, na haiwezi kujificha nyuma ya uzee wa gari. Karte rose inapobadilishwa jina, karani hunakili mwaka kutoka kwenye karte ya zamani. Kosa la 1978 linaingia kwenye karatasi ya leo na muhuri mpya juu yake. Kinachohitajika si mashine wala mradi wa wafadhili: ni kumtuma mtu mmoja uani akiwa na taa na kitambaa, asome chuma, alinganishe na karatasi, kisha ndipo agonge muhuri. Kwenye forodha ni vilevile. Pale ambapo ushuru unahesabiwa kwa umri wa gari, mwaka uliokisiwa ni feza iliyokisiwa, na anayekisia huwa hakisii bure.

Lakini kusubiri ofisi zibadilike ni kusubiri mvua ya Julai. Mizani ya mitraye haisubiri. Janti tano za chuma za 4Jx15, zenye tarehe zake, zinachukua nafasi ndogo kuliko gunia la makala nyuma ya nyumba. Ikiwa mwenye gari anataka za aluminiumu, azivae; ni gari yake. Zile za kwanza azipanguse, azipake mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, aziweke mahali pakavu, na namba ya tuneli aiandike kwa kalamu nyuma ya picha ya baba yake akiwa amesimama kando ya gari hiyo. Picha ya namna hiyo iko katika nyumba nyingi za Bukavu, Kalemie na Lubumbashi, na mara nyingi inaonyesha janti vizuri kuliko inavyomwonyesha baba.